Maswali na majibu: Upepo wa Newala, tununue turbini au tupime kwanza?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha msingi (AMCOS) hapa Newala. Tuna kiwanda kidogo cha kubangua korosho na umeme unatugharimu sana. Muuzaji mmoja ametuletea bei ya turbini 6 za upepo, kila moja kilowati 1. Huku juu upepo ni mkali, hasa Juni hadi Agosti. Je, tununue? Na kwa nini Kenya wana mashamba makubwa ya umeme wa upepo, lakini sisi wa kusini hatuna hata mnara mmoja?

Jibu: Shikamoo mzee mwenyekiti. Msinunue bado. Sisemi hivyo kwa kuudharau upepo wa Newala. Nasema hivyo kwa sababu hakuna aliyeupima pale mnapotaka kusimamisha minara, na fedha mnayotaka kutumia ni ya wakulima.

Ile kilowati 1 iliyoandikwa kwenye turbini hupatikana upepo ukiwa mkali kweli, kwa kawaida kwenye mita 11 au 12 kwa sekunde. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 8. Ikipungua kwa nusu, unabaki na sehemu 1 ya 8. Tuchukue turbini ambayo duara la mapangaboi yake lina upana wa mita 3. Kwa hewa ya mwinuko wenu, upepo wa mita 5 kwa sekunde utawapa kama wati 150 tu. Upepo wa mita 10 utawapa karibu wati 1,200, kama mashine inaruhusu. Kwa hiyo turbini zote 6, kwenye upepo ambao mtu akiwa uwanjani anauona ni wa kuridhisha, hazifikishi hata kilowati 1. Hapo hamwezi kuendesha mota moja ya hospawa 2.

Wastani nao unadanganya. Mahali palipo na upepo wa mita 5 kutwa nzima, na mahali penye mita 10 nusu ya siku kisha pakatulia kabisa nusu nyingine, wastani wao ni uleule. Lakini hapo pa pili pana nguvu mara 4 ya pa kwanza. Ndiyo maana muuzaji akikwambia "wastani wa upepo wenu ni mzuri", mwombe rekodi ya kila dakika 10 kwa mwaka mzima. Kama hana, hajui anachowauzia.

Urefu wa mnara ni suala jingine. Newala mko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma, unahisi upepo unavyopanda ule mteremko. Upepo unaopanda mlima huongeza kasi kileleni, hilo ni kweli. Lakini nyuma kidogo ya ukingo huvurugika na kujizungusha, na upepo wa namna hiyo hauleti umeme wa maana. Unakula beringi na kupasua mapangaboi. Mikorosho nayo huuvunja. Kanuni tunayoifuata ni kwamba ncha ya chini ya pangaboi iwe angalau mita 10 juu ya mti au paa lolote lililo ndani ya mita 150. Mkipanda kutoka mita 10 hadi mita 40, hata kwenye ardhi tambarare, nguvu huongezeka kwa takriban asilimia 80. Bei mliyoletewa ina minara ya mita ngapi? Hamkuniandikia, na ni jambo la kwanza ambalo ningeuliza.

Kuna pia suala la msimu. Kusi ndiyo inayowapa ule mkali wa Juni hadi Agosti. Korosho zinaanza kuingia ghalani Oktoba, wakati kusi imechoka na kaskazi haijashika. Wavuvi wa Mikindani na Lindi wanaijua vizuri hiyo tanga mbili. Kama mnabangua mwaka mzima kwa korosho mlizohifadhi, upepo wa katikati ya mwaka utawafaa. Kama mnabangua Novemba na Desemba tu, turbini zitakuwa zimelala wakati mnazihitaji.

Sasa Kenya. Lile shamba la Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, lina turbini 365 zenye jumla ya megawati 310. Minara ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme, yenye zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ilichelewa, na umeme ukaanza kuingia kwenye gridi mwaka 2018. Serikali ililazimika kulipia umeme ambao haukuweza kusafirishwa. Upepo wa kule ni wa ajabu, lakini shamba lile lilijengwa kwa sababu mnunuzi alisaini mkataba wa miaka mingi kwa bei inayojulikana. Benki hazikopeshi upepo, zinakopesha mkataba.

Hapa Tanzania, shamba la kwanza ni la Mwenga, Mufindi: turbini 3, megawati 2.4, mwaka 2020. Ni dogo, lakini mimi nalipenda kuliko miradi mingi mikubwa, kwa sababu limeungana na mtambo wa maji wa megawati 4 unaohudumia vijiji na viwanda vya chai. Mto ukipungua kiangazi, upepo ndio unakuwa na nguvu. Nchi iliyopitia mgao mwishoni mwa 2022 kwa sababu ya upungufu wa maji ingepaswa kulitazama hilo kwa makini, hata sasa ambapo Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Singida na Makambako pia zimefanyiwa vipimo na mipango kwa miaka mingi.

Kusini tulikuwa na sababu zetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na tangu 2007 inazalisha umeme Mtwara. Gesi unaifungulia unapoitaka. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilijitegemea nje ya gridi ya Taifa, kwenye mtandao mdogo. Weka megawati 10 za upepo kwenye mtandao wa namna hiyo, upepo ukate ghafla, na mikoa yote miwili inaweza kuingia gizani. Njia ya kilovolti 220 ya Songea, Tunduru hadi Masasi ndiyo inayobadilisha hesabu hiyo. Siku upepo ukivuma, mitambo ya gesi inapunguza mwendo na gesi inabaki ardhini kwa matumizi mengine. Viwili hivi havigombani.

Kwa kiwanda chenu, ningeanza na sola juu ya paa, mkiendelea kutumia umeme wa TANESCO. Haina kitu kinachozunguka, na fundi wa kuihudumia mtampata Masasi au Mtwara mjini. Wakati huohuo simamisheni mlingoti wa kupimia wenye vipima kasi viwili, kwenye mita 20 na mita 40, na kifaa cha kurekodi, kwa miezi 12 kamili. Linganisheni na rekodi za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kituo cha Mtwara, mjue kama mwaka wenu ulikuwa wa kawaida. Vipimo vikitoka vizuri, msifikirie turbini 6 ndogo. Fikirieni moja kubwa mkishirikiana na vyama vya jirani. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ina utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme hadi megawati 10, wenye mkataba wa mfano. Na rekodi zenu msimkabidhi mtu yeyote bila maandishi: mwekezaji akija, hizo ndizo mtaji wenu mezani.