Mafuta ya haidroli yanachemka nikipulizia dawa

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Nalima mahindi na nyanya kando ya mto Sabaki, hapa Malindi. Msimu huu niliiacha pampu ya kupulizia dawa iliyokuwa ikizungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, nikafunga nyingine inayoendeshwa na mota ya haidroli, yaani inayozungushwa na mafuta ya trekta yenye presha. Kila baada ya nusu saa mafuta huwa moto hata paipu haishikiki, na tangu juzi mota inavuja kwenye sili, kile kizibo cha kuzuia uvujaji. Aliyeniuzia asema ni jua la pwani tu.

JIBU: Waaleikum salaam. Jua letu tunalijua, lakini hili silo kosa lake. Muuzaji alipaswa kukuuliza kwanza trekta yako ina pampu ya haidroli ya aina gani. Trekta nyingi za zamani zina pampu ya gia, ambayo husukuma mafuta kiasi kile kile maadamu injini inazunguka, yatakiwe yasitakiwe, ilhali nyingi za kisasa hutoa kwa kadiri ya haja.

Tuseme yako ni ya gia na inatoa lita 40 kwa dakika, na mota uliyouziwa ni ndogo, inameza lita 20 tu. Lita 20 zilizobaki hazina pa kwenda ila kupitia valvu ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi, na ikiwa valvu hiyo hufunguka kwa presha ya bar 150, mapito hayo peke yake huzaa joto la kilowati 5, yaani ni kama umetumbukiza ndani ya tangi pasi tano za umeme za wati 1,000 kila moja. Dawa yake ni kufunga mota inayomeza mafuta yote ya trekta, au kuweka valvu ya kugawa mafuta yenye milango mitatu, inayoirudisha ziada tangini bila kuilazimisha kupita kwenye valvu ya usalama. Usikubali kuuziwa ile ya milango miwili inayobana tu, kwa kuwa itakurudisha pale pale.

Kuhusu sili, hakikisha kwamba mafuta yanayotoka kwenye mota yanarudi tangini moja kwa moja kwa paipu pana. Halafu jiulize unaizimaje: katika trekta nyingi, wenzo wa haidroli ukirudishwa katikati hufunga ghafla njia zote mbili za mafuta, ya kwenda na ya kurudi, na mota ambayo bado inazunguka kwa kasi hupata kishindo cha presha kinachoitoboa sili. Uupeleke wenzo kwenye nafasi ya kuelea, inayoacha mafuta yapite huru, mota isimame yenyewe taratibu.

Kabla ya kununua sili mpya, zima injini, vaa glavu, upanguse panapovuja kwa karatasi nyeupe. Ikilowa mafuta, sili ya mota ndiyo mbovu. Ikilowa maji yenye harufu ya dawa, ni ile ya pampu ya kupulizia dawa, ambayo huungua upesi pampu ikizungushwa kavu.