Maswali na majibu: rubani wa usiku na deni la usingizi

Mume wangu ni rubani. Hushinda nyumbani mchana kutwa kabla ya safari ya usiku, mbona anarudi hoi?

Kushinda nyumbani si kulala, mama. Akiamka saa moja asubuhi na asilale tena hadi atue saa kumi na moja alfajiri, atakuwa macho kwa saa 22. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa baada ya saa 17 macho, utendaji hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 damuni. Isitoshe, kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri mwili wenyewe unadai usingizi. Usiku wa kuamkia safari msimwamshe, aamke mwenyewe. Alasiri alale tena kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, pazia zito likiwa limeshushwa na simu ikiwa nje ya chumba.

Kahawa haitoshi?

Husaidia kwa muda. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 au 30, na saa tano baadaye karibu nusu yake bado imo mwilini. Anayetaka kulala saa mbili asubuhi amalize kikombe cha mwisho kufikia saa tisa usiku.

Ni kweli marubani hulala angani?

Kanada na Ulaya huruhusu kwa masharti: ndege iwe imetulia juu, alale mmoja tu, na mhudumu apige simu kuhakikisha mwenzake yuko macho. Katika majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, marubani walipewa dakika 40, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao ukaongezeka. Marekani bado hairuhusu rubani aliye kwenye usukani kusinzia.

Hatari kubwa iko kwenye kuamka. Anayezinduka kutoka usingizi mzito huwa mzito wa kuamua, ndiyo maana hupewa kama dakika 20 kabla ya kurudishiwa ndege. Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilipitiliza njia ya kutua ndege huko Mangalore, India, wakafa watu 158. Kinasa sauti kilinasa kapteni akikoroma kwa zaidi ya saa moja na nusu. Alishuka akiwa juu mno, na rubani msaidizi alipomwambia wasitue, akaendelea.

Sheria haziwalindi?

Kwa sehemu. Tangu Januari 2014, Marekani inataka mapumziko ya saa 10, nane kati yake ziwe nafasi ya kulala bila kukatizwa. Marubani wawili wanaoanza kazi usiku hawaruhusiwi kurusha ndege kwa zaidi ya saa nane. Lakini ndege za mizigo ziliachwa nje, na hilo halina utetezi: marubani wake ndio hasa wanaoruka usiku.

Mimi mwenyewe ni rubani. Nikihisi siwezi kurusha ndege kwa uchovu, nifanye nini?

Sema kabla ya kupanda ndege, kwa maandishi. Andika saa uliyoamka, saa ulizolala katika saa 24 na 48 zilizopita, na kilichokukosesha usingizi: kelele za hoteli, gari lililochelewa, ratiba iliyobadilishwa. "Nimechoka" pekee haimsaidii mpangaji wa zamu kurekebisha chochote.