Barua kwa mwanangu: kabla hujamwajiri, mpe ndoo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusikiliza mara mbili. Unasema uliajiri watu 7 kwa ajili ya lile jengo la ofisi la Masaki, miezi miwili haijaisha wamebaki 3, na unaniuliza: "Mama, watu wazuri wa usafi wanapatikana wapi?" Mimi nimesafisha maofisi ya watu miaka 19, na 12 kati ya hiyo nilikuwa msimamizi. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Watu wazuri wapo, mwanangu. Wale wanne uliwauliza wanakaa wapi? Wewe unataka jengo liwe safi kabla wenye ofisi hawajaingia saa 1:30 asubuhi, maana yake mtu awe ameshashika ndoo saa 11 alfajiri. Anayetoka Chanika mpaka Masaki anaondoka kwake usiku wa manane, anaunganisha magari, na nauli inamla mshahara. Wiki ya kwanza atachelewa, utamfokea. Mwezi wa pili hutamwona, na utasema ni mvivu. Tafuta watu wa Msasani, Kawe, Mwananyamala. Ukimpenda wa mbali, mpe zamu ya mchana, na suala la nauli mlimalize siku ya kwanza.

Halafu usimsaili mtu wa usafi mkiwa mmekaa mezani. Niliwahi kumchukua kijana mmoja kwa sababu ya maneno yake mazuri na barua tatu za sifa. Wiki ya pili nikamkuta chooni amemwaga jiki juu ya dawa ya choo yenye asidi, eti choo king'ae zaidi. Vitu hivyo vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Tulimtoa anakohoa, machozi yanamtiririka, na mimi kifua kiliniwasha mpaka jioni. Kosa lilikuwa langu. Sikuwahi kumwona akifanya kazi, na sikumfundisha.

Tangu siku ile kila anayeomba kazi nilimpa ndoo, dekio, vitambaa viwili na choo kimoja, nusu saa, na hela ya siku nikamlipa hata nisipomchukua. Nasimama pembeni nimenyamaza. Anafuta kioo kwanza ndipo apige deki, au anadeki kisha anadondoshea sakafu maji ya kioo? Anadeki akirudi nyuma kuelekea mlangoni? Maji yakiwa meusi anayamwaga mwenyewe au anasubiri aambiwe? Kitambaa kilichopita kwenye bakuli la choo, anakipeleka kwenye bomba la kunawia mikono?

Kuna dada alikuja anasema hajawahi kuajiriwa popote. Alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya bakuli pale ambapo hakuna anayepaangalia, akakuna ule utando wa chumvi mpaka ukatoka. Alipomaliza akakinusa kitambaa, akakiweka kando, akachukua kingine. Nilimchukua palepale. Nilipostaafu ndiye niliyemkabidhi funguo.

Wizi nao umeutaja. Chukua barua ya serikali ya mtaa, namba ya NIDA na wadhamini wawili, na wadhamini uwapigie simu kweli, usiishie kuweka karatasi kwenye faili. Lakini usimtege mtu kwa kuacha noti mezani. Najua wenzako wanafanya hivyo. Mfanyakazi mwaminifu akijua umemtega, moyo wake unatoka kazini siku hiyohiyo.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inahesabu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuwa kazi ya usiku, na kila saa ya usiku inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Kwa hiyo hata ile saa moja ya alfajiri, kuanzia saa 11 hadi saa 12, unadaiwa. Kuna na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, asilimia 20 ya mshahara, na katika hiyo huruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10. Uliyapigia hesabu haya ulipotoa bei yako? Nina wasiwasi uliishusha sana ili upate zabuni, na sasa wanaolipia punguzo lile ni hao wafanyakazi. Ukikutana na wenye jengo, bei hiyo iongeeni upya.

Nafasi nne zilizo wazi usiweke tangazo bado. Kaa na hao watatu waliobaki, waulize kila mmoja anamjua nani mtaani kwake anayeweza kazi. Mtu haleti jirani mzembe atakayemwachia ghorofa nzima aisafishe peke yake.

Mshahara uliwaahidi tarehe 28. Ukiona hela ya mteja inachelewa, nipigie tarehe 25, tuangalie pamoja tunafanyaje.

Nakupenda sana,
Mama yako