Uliza Ujibiwe: Bastola ya Texas na Sheria ya New Jersey

SWALI: Hujambo mhariri. Kaka yangu mdogo ako Amerika, alikaa Texas na sasa kazi imempeleka Jersey City, jimbo la New Jersey. Ana grini kadi, bibi na watoto wawili, na anasema mtaa wao usiku si mzuri so anataka bastola ya kuweka kwa nyumba. Kuna rafiki yake wa Pennsylvania amemwambia asijisumbue na mambo ya polisi, yeye atamnunulia bastola ya Glock 17 na magazini zake (vile vibati vya kushikilia risasi) za risasi 17 amvushie. Huku nyumbani mama halali. Hiyo ni sawa kweli? Na kama si sawa, anunue gani?
Dada wa Section 58, Nakuru

JIBU: Dada, mpigie leo akatae hiyo ofa kabisa. Huyo rafiki labda ana nia nzuri lakini anamwingiza kwa makosa matatu mara moja. Kumnunulia mtu mwingine bastola ukijifanya ni yako ni kosa la serikali kuu ya Marekani, na linaweza kukupeleka jela miaka mingi. Mkazi wa New Jersey pia hawezi kupokea bastola ya Pennsylvania hivi hivi kwa mkono, lazima ipitie duka lenye leseni kwa jimbo lake mwenyewe. Halafu kuna hizo magazini.

Sisi hapa tumezoea sheria moja, ukiwa Nakuru ama Kisumu ni ile ile Sura ya 114, sheria yetu ya bunduki. Kule unavuka daraja la mto Delaware, kutoka Pennsylvania kuingia New Jersey, na umebadilisha sheria. Texas haina kikomo cha magazini wala haikudai kibali cha kununua, Pennsylvania pia haina kikomo, lakini New Jersey tangu 2018 mwisho ni risasi 10 (kabla ya hapo ilikuwa 15). Kushikwa na magazini ya 17, hata kama haina risasi ndani, ni kosa la hadi miezi 18 jela. Na sio ati wanafanya mchezo. 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye leseni halali ya Pennsylvania alisimamishwa na polisi akiwa upande wa New Jersey, akasema mwenyewe kwamba ana bastola, akashikwa papo hapo, na alisumbuka hadi 2015 gavana Chris Christie alipomsamehe.

Huyo mama alikuwa raia. Kaka yako ana grini kadi, na hapa ndipo naomba umkazanie: sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mtu ambaye si raia akipatikana na hatia ya kosa la bunduki anaweza kurudishwa kwao. Si lazima awe amemfyatulia mtu. Kibati tu cha kushikilia risasi kinaweza kuvunja kila kitu amejenga huko, bibi na watoto wabaki Jersey City na yeye yuko JKIA anatafuta matatu ya Nakuru.

Njia halali ipo na haina siri. Awe amefika miaka 21, aende kwa polisi wa mji anakoishi aombe kadi ya mnunuzi wa bunduki, dola 50, na kibali cha kununua bastola, dola 25. Kila bastola na kibali chake, na kinaisha kwa siku 90. Watachukua alama za vidole, watauliza wadhamini wawili, watachungulia rekodi za hospitali za akili, na atasomea usalama wa bunduki. Kama anavuta bangi aache kwanza, ju hata New Jersey wakiiruhusu, serikali kuu bado inamkataza mvutaji kushika bunduki. Hicho kibali ni cha kuweka nyumbani na kwenda kulenga shabaha, na njiani iwe haina risasi na imefungwa kwa boksi. Kutembea nayo kiunoni ni kibali kingine kabisa.

Sasa anunue gani. Hiyo Glock 17 yenyewe si haramu, inauzwa huko na magazini ya 10, na Glock 19 ambayo kwa kawaida hubeba 15 pia iko hivyo. SIG P365 na Glock 43X zilitengenezwa zikiwa za 10 tangu mwanzo, na wengi huzikimbilia ju ni ndogo. Mimi kwa mtu anayeanza na anayetaka ya nyumba tu singemshauri ndogo, zinaruka sana mkononi na kulenga ni kazi, achukue Glock 19 ya 10. Aende kwanza uwanja wa shabaha akodishe mbili tatu, mkono wake wenyewe utamwambia. Hiyo sheria ya 10 imepelekwa kortini mara nyingi, kwa hivyo siku ya kulipa aulize duka imesimama wapi. Na kabla bastola haijaingia kwa nyumba yenye watoto wawili, kisanduku cha chuma cha kufuli kiwe kimefika.

SWALI: Nina duka la jumla Kondele na nimeibiwa. Binamu yangu ako Texas, anasema Disemba ataniletea bastola kwa begi. Nikiipata nitafute leseni baadaye?
Baba wa Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana kwa wizi, lakini hapana baba, leseni hutangulia. Binamu anahitaji ruhusa ya Marekani ya kuitoa na kibali cha Kenya cha kuiingiza, bila hivyo ni nyinyi wawili mko hatarini. Hapa kwetu unaomba kwa Bodi ya Leseni za Bunduki, uonyeshe sababu ya kutosha na kwamba wewe kuwa nayo si hatari kwa usalama wa watu. Kuibiwa dukani ni sababu unayoweza kueleza, kwa hivyo weka ile ripoti ya polisi vizuri na uanze na cheti cha tabia njema. Na binamu mpigie kabla hajapanga begi.