Ukihamishwa kikosi, rafiki zako wakabaki

Kijana mmoja aliye jeshini ameniandikia. Amehamishiwa kombania ngeni, wenzake wa tangu ukuruta wamebaki kule. Anauliza kama amwombe afande ampeleke kwenye kombania yenye watu wengi wa mkoa wake. Nimemwambia asiombe. Sababu naziweka hapa, maana najua wengi mnaonisoma ama mmevaa gwanda ama mnalitamani.

Mimi ni mtu wa Rungwe, kule Tukuyu, mkoani Mbeya. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, nilikuwa na rafiki wa Tanga, bingwa wa maneno, tuliyegawana mpaka kipande cha sabuni. Vikosi vikapangwa upya, mgambo wakaja kwa maelfu, yeye akaangukia Brigedi ya 201 na mimi ya 208. Lori lilikuwa tayari linanguruma. Akavua sweta lake akanirushia: "Nyie wa Tukuyu baridi mmeizoea, lakini chukua tu." Nikamwandikia anwani ya nyumbani kwenye karatasi ya sigara, naye akaniandikia yake. Fanya hivyo na wewe. Chukua anwani kabla lori halijaondoka.

Safari ya kwenda Mutukula, mpakani na Uganda, nairuka, ni matope na kutembea.

Usiku mmoja, mbele ya Mutukula, nikasikia kwenye handaki la pili mtu amepewa maji anajibu, "Ndaga fijo!" Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa chetu. Moyo ukaruka. Nilitambaa mpaka kwake kama mtoto aliyeitwa na mama. Alikuwa wa upande wa Masoko, kule kwenye ziwa. Tuliongea mvua ya Tukuyu, tukaongea soko, tukaongea ndizi. Ndizi za Wahaya tulikuwa tumezila na kuzisifu mbele yao. Tukiwa peke yetu tulikubaliana kwamba za kwetu hazina mfano. (Wahaya mnisamehe, ila nasimamia hapo hapo.)

Tukatafutana watu wa Rungwe mpaka tukawa kikundi. Tunakula pamoja, tunacheka kwa kilugha. Sajini wetu, mtu wa Mara, akatuvumilia kidogo, kisha akafoka: "Hapa hakuna Rungwe, kuna seksheni!" Yaani kile kikosi kidogo tunachopigana nacho bega kwa bega. Tulimchukia. Lakini alikuwa ameona tusichokiona: Mmakonde niliyekuwa nabadilishana naye lindo alikuwa ameacha kunisemesha, kwa sababu kila nikicheka alidhani tunamcheka yeye. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekuamsha adui akija. Mtu wa kwenu kaa naye jioni, usihamie kwake. Nakwambia tena, usihamie kwake.

Masaka, mji wa ndani ya Uganda, tuliuteka tarehe 24 Februari 1979. Machi 10, pale Lukaya, Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwashambulia kwa roketi wenzetu wa 201, ambao wengi walikuwa mgambo, nao wenzetu wakatawanyika. Sisi wa 208 tulikuwa tumezunguka mbali, tukatokea barabara ya Kampala, na kesho yake mambo yakageuka. Hilo nitajivunia mpaka kaburini. Lakini wenzangu waliposhangilia, mimi nilikuwa nauliza kila mtu wa 201: mmemwona yule wa Tanga? Mmoja akasema yu hai, amemwona anatafuta kiatu.

Vita vikaisha, nikamwandikia kwa anwani ile ile. Nikaandika tena. Kimya. Baadaye nikasikia kwa watu kwamba yuko Muheza, mzima, ana duka na wajukuu. Inaniuma hadi leo, sitasema uongo. Kwa hiyo vijana, ukiandikiwa, jibu! Hata mistari miwili. Siku hizi mna simu mkononi, stempu hamnunui, halafu ujumbe wa mwenzako unausoma na kuunyamazia. Ni adabu gani hiyo?

Yule wa Masoko tunaonana mpaka leo, na Mmakonde hunipigia kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, kabla hata sijanywa chai. Wengine mmeniuliza habari za mafao ya askari wa zamani. Hizo nitaziandika siku nyingine, hasira zikipungua.