Bakteria wanachora, zinachora au vinachora?

SWALI: Natafsiri maelezo ya kazi za sanaa ya kibayolojia, zile zinazotengenezwa kwa vijidudu, seli na wanyama waliobadilishwa vinasaba. Chini ya picha moja niliandika: "Mchoro huu umechorwa na bakteria walio hai." Mhariri amebadilisha iwe "bakteria zilizo hai". Mwenzetu mwingine anasema kama virusi ni "vi", na bakteria wawe "vi". Nani yuko sahihi? Halafu kuna koti lililooteshwa kwa seli: niseme "lilikufa" au "alikufa"? – Mfasiri, Dar es Salaam

JIBU: Kwenye "walio" umepata. Kasoro ya sentensi yako iko kwenye kaneno kadogo, "na", ambako mhariri wako hakukagusa. Tutakafikia.

Wengi hudhani uhai ndio unaoleta a-/wa-. Sivyo. Mti uko hai, lakini tunasema umekauka. Uyoga umeota. Hamira ni viumbe hai vitupu, na sijamsikia mpika maandazi hata mmoja akisema hamira "wameumuka". Upatanisho wa a-/wa- Kiswahili kinampa yule ambaye wasemaji wamemhesabu kuwa mtu, mnyama au mdudu. Kwa hiyo tusiulize kama bakteria ana uhai, tuulize watu wanamweka kundi gani. Nenda zahanati yoyote usikilize: mgonjwa aliyepima malaria atakwambia amekutwa na wadudu, na akimaliza dozi atauliza kama wadudu wamekwisha. Hajawahi kuwaona, ila ameshawaweka pamoja na chawa na funza. Bakteria nao waingie hapo hapo: bakteria huyu, bakteria hawa.

"Bakteria zi-" ya mhariri ina sababu yake. Neno la kigeni lisilo na kiambishi kinachofanana na chetu huteleza lenyewe kwenye i-/zi-, na magazetini utalikuta hivyo mara nyingi. Simlaumu. Ninachokataa ni kuchanganya, kama "bakteria walio hai zinazobadilisha rangi", sentensi inayoanza na wadudu na kuishia na vyombo.

Hoja ya "vi" ndiyo dhaifu kuliko zote. Virusi walipata upatanisho wao kwa bahati ya sauti: neno lilikuja likiwa na "vi-" mbele, masikio yetu yakasikia wingi, tukaliundia umoja wake, kirusi. Ndivyo kilivyofanyiwa kitabu cha Waarabu, ila kitabu kilianzia umoja. (Kirusi cha herufi kubwa ni lugha ya Moscow, mwanzoni mwa sentensi jihadhari.) Sasa VVU ni virusi vya UKIMWI, ile V ya katikati imeshapigiliwa msumari, na mimi mwenyewe, niliyetoka kuandika "walipata", katika maandishi rasmi ningeandika "vilipata". Neno bakteria halina sauti hiyo. Vijidudu ni jambo lingine: udogishi, yaani kukitaja kitu kwa udogo wake, huvuta ki-/vi- hata kwa wenye pumzi, ndiyo maana tunasema kijitoto hiki. Basi vijidudu hivi, bakteria hawa, hata katika aya moja, na hakuna ugomvi.

Sasa "na". Ukiandika "umechorwa na bakteria", umemtaja mtendaji. Bakteria ndiye msanii. Ukiandika "umechorwa kwa bakteria", umetaja alichotumia msanii. Tofauti hii katika sanaa yenu ina uzito. Mtazame Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928. Kwenye visahani vya maabara yake London alikuwa akichora askari, mcheza baleti, mama anayenyonyesha. Alichovya kitanzi cha waya kwenye bakteria wa aina moja, akajaza sehemu ya mchoro, akahamia aina nyingine. Wakati wa kuchora hakukuwa na rangi yoyote ya kuonekana. Rangi ilikuja baadaye, bakteria walipoota, na kwa kuwa aina hazikomai pamoja ilimbidi apange nani apandwe mapema na nani asubiri. Aliyechora ni Fleming. Alichora kwa bakteria. Rangi, hiyo kweli imetolewa na bakteria. Kwa hiyo maelezo yako yasomeke: "Mchoro huu umechorwa kwa bakteria hai, rangi zake zimetolewa na bakteria wenyewe walipokuwa wakiota." Nimetumia "hai" peke yake kwa sababu inatosha, kama katika viumbe hai. Msanii anayewaacha bakteria watambae watakavyo, bila kuwapangia umbo, huyo unaweza kumwandikia "na", lakini muulize kwanza kama yuko tayari kugawana sifa.

Koti ni jepesi. Nadhani unasema Victimless Leather, kazi ya Oron Catts na Ionat Zurr wa Australia: kijikoti kidogo kisicho na mshono, kilichooteshwa ndani ya chupa kutokana na seli hai. Kilipoonyeshwa New York mwaka 2008, seli ziliongezeka kupita kiasi, mkono mmoja ukaanza kuachia, na msimamizi wa maonyesho, Paola Antonelli, akaamua kizimwe. Habari zikatoka kwamba jumba la makumbusho limeua koti. Liue lisiue, koti ni li-: koti lilikufa, koti liliuawa. Kitenzi cha uhai hakibadilishi ngeli ya nomino, kama ambavyo simu hufa na ikabaki "imekufa". "Koti alikufa" waachie watunga ngano, ambao kwao hata Upepo alimcheka Jua.

Ukifika kwa sungura wa msanii Eduardo Kac, yule Alba wa mwaka 2000 mwenye kinasaba cha kiwavi-bahari kinachomfanya atoe mng'ao wa kijani chini ya mwanga wa buluu, tenganisha vitu viwili. Sungura ni a-: alikuwa Ufaransa, na maabara haikukubali atoke aende kuishi na familia ya msanii. Kazi ya sanaa ni i-, maana Kac aliuhesabu na mjadala wa watu juu ya sungura huyo kuwa sehemu ya kazi. Andika "kazi hii ilianza" na "sungura huyu aliishi", kila kimoja na kitenzi chake.