Theluji "imetulia" au "imeshikamana"?

Dada mmoja wa Likoni ameniuliza, kakake anafanya kazi kwenye hoteli ya milimani huko Austria na amepewa ilani ya maporomoko ya theluji awatafsirie wenzake, sasa theluji ambayo haielekei kuporomoka aseme "imetulia"? Na hatari daraja la 3 aiite "wastani"?

Dadangu, "imetulia" usiandike kabisa, hapo nakuomba. Kwetu kutulia ni kutosogea, bahari imetulia, mtoto ametulia. Theluji ya mlimani yaweza kutulia wiki nzima na bado ikawa inamngoja mtu aikanyage, kwa sababu inajijenga tabaka juu ya tabaka, na pengine liko moja huko chini chembe zake kama sukari, hazishikani, na lile gumu limelala tu juu yake. Chukua sinia umwage sukari kisha weka chapati iliyokauka juu uanze kuinamisha pole pole, haisogei, haisogei, mara shwaa yote nzima! Kwenye mteremko wa kama digrii 30 hadi 45 ndo inavyokuwa, na mara nyingi anayeiangusha ni yeye mwenyewe anayefukiwa, au mwenzake.

Kwa hivyo swali si kama inasogea, swali ni kama yale matabaka yameshikamana. Shika, shikana, shikamana: hiyo -ama- ya katikati ndo ile ya fungamana, yaonyesha hali iliyokaa, si tendo la mara moja. Aandike "matabaka hayajashikamana vizuri", hata aliyezaliwa Kongowea asiyewahi kuona theluji ataelewa.

Daraja la 3 nalo si wastani hata kama liko katikati ya 1 na 5. Kwa vipimo vya Ulaya wastani ni 2, ya 4 ni kubwa na 5 kubwa mno, kwa hivyo akiita 3 wastani ameshusha hatari watu wakatoka. Nilifikiria "si haba" lakini hapa mjini ukisema si haba watu wanasikia alhamdulillahi. Aweke "hatari isiyo ndogo".

Na asiseme barafu, hiyo kwetu ni ile ya ukwaju ya kwenye mfuko.

Kuna pale ilani inaposema theluji ikivuma "vum" chini ya mguu au ufa ukakimbia mbele yako, wengi wanatafsiri "kuwa makini". Hapana, aandike: ondokeni kwenye mteremko sasa hivi.